Entebbe hadi Dubai ni saa ngapi? Jinsi ya kupiga mwenyewe hesabu ya umbali na muda wa ndege

Ukikaa wiki moja tu kwenye kiofisi cha tiketi hapa Kampala, maswali utayajua kwa moyo. "Dada, Dubai ni saa ngapi angani?" "Mbona tiketi inasema natoka 15:30 nafika 21:30? Hizo si saa sita? Wewe uliniambia tano!" Na lile linalonichekesha kila mara: "Kigali naondoka saa nne na nafika saa nne, hii tiketi ni ya kweli?" Huyo wa mwisho alikuwa mzee mmoja kutoka Kasese, na mkono ulishanyooshwa kudai arudishiwe hela zake.

Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi. Leo nayaandika, ili ukiniuliza nikuelekeze hapa nikaendelee na chai yangu. Ukifuata hatua hizi utajua mambo matatu: kilomita ngapi kutoka Entebbe hadi mji unaokwenda, ndege itachukua muda gani, na utatua saa ngapi kwa saa za kule. Hesabu yenyewe ni ya dakika tano, hata kama uliachana na hesabu siku ulipotoka chumba cha mtihani wa S4 (kidato cha nne).

Na sisi wa Uganda tuna bahati yetu. Uwanja wa Entebbe uko karibu kabisa na ikweta, ile ile ambayo watalii wanapiga nayo picha Kayabwe kwenye barabara ya Masaka. Kwa sababu hiyo hesabu yetu ni fupi kuliko ya mtu wa Cairo au Johannesburg. Utaona.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Simu yenye kikokotoo cha kisayansi. Simu nyingi ukizilaza ubavu huku kikokotoo kimefunguliwa, vitufe vya sin na cos vinajitokeza vyenyewe. Kama havitoki, pakua programu yoyote ya bure ya kikokotoo cha kisayansi.
- Ramani ya kwenye simu.
- Tiketi yako au ratiba ya ndege, kama unayo tayari.
- Karatasi na kalamu. Usidharau karatasi. Wengi wanaokosea ni wale wanaobeba namba nne kichwani.

Hatua ya 1: Tafuta namba mbili za kila uwanja

Kila mahali duniani pana namba mbili: latitudo, yaani umbali wa kwenda kaskazini au kusini mwa ikweta, na longitudo, yaani umbali wa kwenda mashariki au magharibi. Fungua ramani, tafuta uwanja wa ndege, bonyeza juu yake usiachie mpaka alama itokee, na namba mbili zitaonekana. Ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo. Alama ya kutoa mbele ya latitudo maana yake kusini. Mbele ya longitudo maana yake magharibi ya London.

Hizi hapa ninazoulizwa zaidi, nimezifupisha:

- Entebbe: 0.04, 32.44
- Nairobi: −1.32, 36.93
- Kigali: −1.97, 30.14
- Juba: 4.87, 31.60
- Dar es Salaam: −6.88, 39.20
- Addis Ababa: 8.98, 38.80
- Johannesburg: −26.14, 28.25
- Dubai: 25.25, 55.36
- Mumbai: 19.09, 72.87
- London Heathrow: 51.47, −0.45
- New York JFK: 40.64, −73.78

Angalizo: chukua namba za uwanja, si za katikati ya mji. Hakuna ndege ya abiria inayoruka kutoka Kampala Road.

Hatua ya 2: Pata tofauti ya longitudo

Kama miji yote miwili iko mashariki ya London, toa ndogo kutoka kubwa. Dubai ni 55.36, Entebbe ni 32.44, tofauti ni 22.92.

Kama mji unaokwenda una alama ya kutoa kwenye longitudo, jumlisha. New York ni 73.78 magharibi, sisi ni 32.44 mashariki, kwa hiyo tofauti ni 106.22. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Kijana mmoja alitoa badala ya kujumlisha, akapata 41.34, akanijia na jibu la kilomita 6,146. Kwa hesabu yake New York iko karibu nasi kuliko London! Jibu sahihi ni zaidi ya kilomita 11,300.

Hatua ya 3: cos mara cos

Sasa fanya hivi, kwa mfano wa Dubai:

1. Bonyeza cos ya latitudo ya mji unaokwenda: cos 25.25 = 0.9045.
2. Bonyeza cos ya tofauti ya longitudo: cos 22.92 = 0.9210.
3. Zidisha: 0.8330.
4. Bonyeza cos⁻¹ ya jibu hilo: 33.59. Hizo ni nyuzi, sawa na zile unazopima kwenye duara shuleni.
5. Zidisha kwa 111.2: kilomita 3,735.

Basi, umemaliza. Hizo ndizo kilomita za njia fupi kabisa kati ya Entebbe na Dubai.

Nadharia nitaimega kidogo tu. Mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000. Ukigawa kwa nyuzi 360 kila uzi unabeba kilomita 111 na ushei. Ndiyo ile 111.2. Hesabu kamili ya viwanja viwili vyovyote duniani ina kipande kingine cha mbele, sin ya latitudo moja mara sin ya latitudo nyingine. Lakini sin ya latitudo ya Entebbe ni karibu sifuri, na sifuri ikizidishwa na chochote imekwisha kazi. Tunakitupa kile kipande, na kosa linalobaki halizidi kilomita tano. Ndugu yako aliyeko Johannesburg hana raha hiyo.

Jaribu mwenyewe na London: cos 51.47 ni 0.6229, tofauti ya longitudo ni 32.44 jumlisha 0.45, yaani 32.89, na cos yake ni 0.8397. Zidisha, bonyeza cos⁻¹, utapata nyuzi 58.46. Kilomita 6,500. Johannesburg inatoka kama 2,940. Alama ya kutoa kwenye latitudo haisumbui kitu kwenye cos, iandike au iache, jibu ni lile lile.

Angalizo: kabla hujagusa chochote hakikisha kikokotoo kimeandika DEG (nyuzi), si RAD (radiani, kipimo kingine cha pembe). Ukiwa kwenye RAD, hesabu ya Dubai itakupa kilomita 245. Yaani Dubai iwe karibu kuliko Mbarara kwa barabara.

Hatua ya 4: Miji ya jirani ina njia yake

Kwa Nairobi, Kigali, Juba, hata Dar, cos inakaribia moja na ukikata tarakimu mapema jibu linayumba. Hapa tumia ile hesabu ya pembetatu ya fundi seremala. Entebbe na Nairobi: tofauti ya latitudo ni 1.36 (0.04 jumlisha 1.32, kwa sababu moja iko kaskazini mwa ikweta na nyingine kusini), tofauti ya longitudo ni 4.49. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 1.85 na 20.16. Jumlisha: 22.01. Tafuta kipeuo cha pili: 4.69. Mara 111.2, unapata kilomita 522.

Kigali kwa njia hiyo ni kama 340, Juba 545, Dar kama 1,075. Ukilinganisha na barabara utaelewa kwa nini basi la Nairobi linakesha njiani: barabara ina kona, milima na mpaka wa Busia au Malaba, ndege haina.

Hatua ya 5: Geuza kilomita kuwa saa

Ndege kubwa ya abiria ikiwa juu inakwenda kati ya kilomita 830 na 900 kwa saa. Lakini haianzi na mwendo huo. Inajivuta kwenye lami, inapanda, kisha mwishoni inashuka polepole na pengine kuzungushwa kidogo ikisubiri zamu ya kutua. Na juu kule haifuati uzi ulionyooka. Inafuata njia zilizopangwa na waongoza ndege. Kwa hiyo mimi natumia kanuni hii ya ofisini:

1. Ongeza asilimia tano kwenye kilomita (zidisha kwa 1.05).
2. Gawa kwa 850.
3. Jumlisha nusu saa, yaani 0.5.

Dubai: 3,735 mara 1.05 ni 3,922. Gawa kwa 850 ni 4.61. Jumlisha 0.5, unapata 5.11.

Angalizo kubwa: 5.11 si saa tano na dakika kumi na moja. Ni saa tano na sehemu ya 0.11 ya saa. Zidisha 0.11 kwa 60, unapata dakika saba. Saa tano na dakika saba. Kosa hili nimeliona hata kwa watu wenye shahada ukutani.

London inatoka saa nane na nusu. Johannesburg saa nne na dakika nane.

Kwa safari zilizo chini ya kilomita 1,000 ndege haipati nafasi ya kukimbia sawasawa, kwa hiyo acha ile asilimia tano, gawa kwa 700, kisha jumlisha nusu saa. Nairobi: 522 gawa kwa 700 ni 0.75, jumlisha 0.5, ni saa moja na robo. Angani kabisa utakuwa chini ya saa moja; nyingine ni kujivuta na kusubiri. Ndiyo maana soda inagawiwa mbio mbio.

Kama ni ndege ya mapangaboi, kama ATR 72, mwendo wake ni karibu 500 kwa saa, si 850. Na vile vindege vidogo vya watalii vinavyoruka kutoka Kajjansi kwenda Kidepo, weka 300. Kidepo ni kama kilomita 400 kutoka hapo, kwa hiyo ni saa moja na nusu hivi, wakati kwa gari siku yako nzima imeisha na kiuno kimekwisha.

Je, upepo? Ukiwa unaruka kati ya London na New York, upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi unaweza kupunguza au kuongeza karibu saa nzima. Huku kwetu karibu na ikweta upepo huo hauna nguvu hiyo. Usiumize kichwa.

Kinachoumiza kichwa zaidi ni anga zilizofungwa. Tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, ndege nyingi za abiria zinaizunguka anga ya nchi ile, na Sudan iko katikati ya njia ya Entebbe kwenda Cairo na sehemu kubwa ya Ulaya. Kwa safari za kaskazini, badala ya asilimia tano weka kumi, utakuwa karibu na ukweli.

Hatua ya 6: Utatua saa ngapi za kule?

Uganda tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, sawa na Kenya, Tanzania, Ethiopia, Somalia, Saudi Arabia, Qatar na Uturuki. Ukienda huko usiguse saa yako. Kwingine ongeza au punguza:

- Dubai: ongeza saa 1
- Mumbai na India yote: ongeza saa 2 na nusu (ndiyo, nusu, si kosa la uchapaji)
- Guangzhou: ongeza saa 5
- Kigali, Bujumbura, Juba, Goma, Bunia, Johannesburg: punguza saa 1
- Kinshasa na Lagos: punguza saa 2
- London: punguza saa 3 wakati wa baridi, saa 2 wakati wa kiangazi chao
- New York: punguza saa 8 wakati wa baridi, saa 7 wakati wa kiangazi

Uingereza wanasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wamarekani wana tarehe zao tofauti, kwa hiyo kuna majuma machache kila mwaka ambapo mmoja ameshahama na mwingine bado.

Hesabu ni hii: saa ya kuondoka, jumlisha muda wa safari, kisha ongeza au punguza tofauti. Ukitoka Entebbe 15:30, saa tano na dakika saba baadaye ni 20:37 kwa saa zetu, na kule Dubai ni 21:37. Tiketi itaandika 21:30 au karibu na hapo. Ukitoa 15:30 kutoka 21:30 utapata sita, lakini moja kati ya hizo sita si safari, ni saa ya Waarabu iliyotutangulia.

Sasa mzee wangu wa Kasese. Kigali ni kilomita 340: gawa kwa 700, jumlisha nusu saa, unapata saa moja kamili. Ukiondoka Entebbe 10:00 ni 11:00 kwetu ukitua, lakini Rwanda wako nyuma kwa saa moja, kwa hiyo saa ya ukutani Kigali inasema 10:00. Umefika saa ile ile uliyoondoka. Kurudi ni kinyume: ukitoka Kigali 10:00 utatua Entebbe 12:00. Nilipomchorea kwenye karatasi alicheka, akasema, "Basi hiyo saa wamenikopesha tu, nitairudisha." Ssebo, sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Hatua ya 7: Isome tiketi kwa saa za Kiswahili

Hii ndiyo hatua inayowaachisha watu ndege, na ningeweza kuandika kurasa kumi juu yake.

Tiketi inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kutoka 00:00 hadi 23:59. Sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza jua na kuzama jua, na Waganda wanafanya vivyo hivyo kwa Luganda. Tofauti ni saa sita daima. Mjomba wangu alipata tiketi ya 03:10 akaisoma "saa tatu na dakika kumi". Alifika Entebbe asubuhi kapiga suti, kabeba na karanga za kupeleka ugenini. Ndege ilikuwa imeondoka zamani, saa tisa na dakika kumi za usiku.

Kanuni:

1. Kama tiketi inasema 00 hadi 06, jumlisha 6. 03:10 ni saa tisa na dakika kumi usiku. 00:30 ni saa sita na nusu usiku.
2. Kama inasema 07 hadi 18, toa 6. 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri.
3. Kama inasema 19 hadi 23, toa 18. 22:45 ni saa tano kasorobo usiku.

Ukichoka na kutoa na kujumlisha, tazama saa ya mshale: namba iliyo mkabala na ile ya tiketi ndiyo ya Kiswahili. Tatu inatazamana na tisa, nne inatazamana na kumi.

Kisha tarehe. Tiketi ya 00:30 tarehe 12 haimaanishi ulale tarehe 12 halafu uende. Maana yake uondoke nyumbani jioni ya tarehe 11. Siku ya tiketi inabadilika usiku wa manane. Mswahili wa pwani wa zamani siku yake inaanza jua likizama, na wengi wetu hapa tunahisi siku inaanza kukipambazuka. Kalenda tatu kwenye kichwa kimoja! Mimi siku hizi siandiki "tarehe 12 usiku" kwenye ujumbe kwa mteja. Naandika "usiku wa kuamkia tarehe 12", kisha naongeza "uwe uwanjani tarehe 11 saa tatu na nusu usiku". Tangu nianze hivyo simu za vilio zimepungua.

Hatua ya 8: Ongeza safari ya ardhini

Entebbe ni kama kilomita 40 kutoka katikati ya Kampala. Kupitia barabara ya haraka iliyofunguliwa 2018, ile ya kutozwa ada tangu Januari 2022, unaweza kufika chini ya saa moja ukishatoka mjini. Kushinda foleni ya mjini mpaka Busega ni habari nyingine. Kwa barabara ya zamani ya Kajjansi, jioni, weka saa mbili. Boda boda haziruhusiwi kwenye ile ya haraka, kwa hiyo usiipangie hesabu ya barabara hiyo.

Uwanjani fika saa tatu kabla. Mashirika mengi yanafunga kaunta ya mizigo saa moja kabla ya ndege kuondoka, na wakifunga wamefunga, kulia hakufungui.

Kwa mfano wetu wa Dubai: ndege 15:30, uwanjani 12:30, kutoka Kampala 10:30, yaani saa nne na nusu asubuhi. Unatua 20:37 kwa saa zetu, unaweka saa moja ya uhamiaji na mzigo. Jumla ni kama saa kumi na moja toka mlangoni kwako, na angani umekaa tano tu. Anayekuja kukupokea mpe hesabu hii, si ile ya tano.

Kama unabadilisha ndege njiani

Piga hesabu ya kila kipande peke yake, jumlisha, kisha weka muda wa kusubiri katikati. Kipande kisichogusa Entebbe kinahitaji ile hesabu kamili: sin ya latitudo ya kwanza mara sin ya latitudo ya pili, jumlisha cos mara cos mara cos ya tofauti ya longitudo, kisha cos⁻¹ na 111.2 kama kawaida. Hapa, tofauti na hatua ya 3, alama ya kutoa kwenye latitudo lazima uiweke, maana sin inaijali.

Inafaa kujua unazungushwa kiasi gani. Entebbe hadi London moja kwa moja ni 6,500. Ukipitia Addis ni kama 1,220 jumlisha 5,920, jumla 7,140. Ukipitia Dubai ni 3,735 jumlisha 5,500, zaidi ya 9,200. Tiketi ya Dubai inaweza kuwa na bei nzuri, sikatai, na wengine wanapenda kununua dhahabu njiani. Ila ukimpeleka mama mwenye magoti mabovu, hizo kilomita 2,700 za ziada atazihisi yeye, si wewe uliyelipa.

Muda wa kusubiri uhesabu kwa saa za mji ule ule: ukitua Addis 07:00 na ndege ya pili ni 08:10, una saa moja na dakika kumi, na hizo zinajumuisha kushuka, ukaguzi na kutembea. Mimi siuzi tiketi yenye chini ya saa moja na nusu kwa mtu anayesafiri mara ya kwanza.

Mambo yakikataa

*Kikokotoo kinaandika kosa ukibonyeza cos⁻¹.* Umejumlisha pale ulipotakiwa kuzidisha. Jibu la cos mara cos haliwezi kuzidi 1.

*Jibu kabla ya cos⁻¹ lina alama ya kutoa.* Si kosa. Mji uko mbali kuliko kilomita 10,000. New York inakupa −0.212, bonyeza cos⁻¹ hivyo hivyo na alama yake, utapata nyuzi 102.24, yaani kama kilomita 11,370.

*cos⁻¹ inakupa namba ndogo kama 0.6 au 2.2 kwa mji wa mbali.* RAD. Rudi kwenye DEG.

*Jibu lako ni 3,735, rafiki yako ana 2,320.* Yeye anasoma maili. Maili moja ni kilomita 1.609. Na marubani wana maili yao ya baharini, kilomita 1.852, kwa hiyo kuna wa tatu atakayekuambia 2,017. Wote mko sawa.

*Tiketi inasema muda mrefu kuliko hesabu yako kwa zaidi ya saa moja.* Tazama kama ndege inatua njiani. Namba ya ndege inaweza kuwa moja toka mwanzo hadi mwisho na bado ikashuka mji mwingine kuchukua abiria. Wewe unabaki kitini, saa inakwenda. Tafuta kwenye ratiba neno la kusimama njiani kabla hujanilaumu.

*Umepiga hesabu ya London lakini tiketi ni ya Gatwick au Stansted.* Angani tofauti ni ndogo, ila chini ni kubwa. Mwambie mwenyeji wako jina la uwanja, si jina la mji.

*Saa ya Juba haikubaliani na hesabu yako.* Sudan Kusini saa zao zilikuwa sawa na zetu mpaka 1 Februari 2021, ndipo wakarudi nyuma saa moja. Simu ya zamani isiyosasishwa bado inaonyesha ya zamani, na wafanyabiashara wengi wa njia ile wanatembea na simu za zamani. Ukitoka Entebbe 09:00, safari ni saa moja na dakika kumi na saba, na Juba utatua 09:17. Ikionyesha 10:17, rekebisha simu kwa mkono na uache kumfokea dereva aliyekuja kukupokea, hajachelewa.